Akiumia kazini, siku saba zinaanza kuhesabiwa

Tuchukue mfano usio mgeni kwa yeyote anayefanya kazi machimboni Kware au kwenye mijengo inayoinuka kila upande wa Kitengela. Ni saa nne asubuhi, vijana wanne wanapakia mawe kwenye lori. Jiwe linamponyoka aliye juu na kumbana mwenzake kidole cha shahada kwenye ubao wa lori. Kidole kinafungwa kitambaa, boda inaitwa, majeruhi anakimbizwa Hospitali ya Kitengela. Jioni msimamizi anamfuata nyumbani na shilingi 3,000 za pole, pamoja na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule: "Nimepokea, na sitadai tena." Majeruhi anatia alama ya kidole cha mkono ulio mzima. Wote wanalala wakiamini mambo yamekwisha.

Kisheria, mambo ndiyo kwanza yameanza. Mwajiri aliyedhani ameokoa pesa amejiweka pabaya zaidi kuliko alivyokuwa asubuhi, na kijana hajapoteza haki hata moja kwa sababu ya ile karatasi. Makala haya yanawafaa wote wawili, lakini yanamlenga zaidi mwajiri mdogo: mwenye machimbo, kontrakta wa ghorofa moja, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Huyu hana ofisa wa rasilimali watu wala wakili wa kampuni, na mara nyingi huvunja sheria kwa kuiogopa.

Sheria haiulizi nani alikosea

Nchini Kenya, jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo mawakili, kampuni za bima na hata vibarua huiita WIBA. Msingi wake ni mwepesi: mfanyakazi akiumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi, anastahili fidia. Hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Mwajiri naye hajinasui kwa kusema kijana hakuwa makini, au kwamba jiwe liliangushwa na kibarua mwenzake.

Kuna kizuizi kimoja. Aliyejiumiza kwa ukaidi wa makusudi anaweza kunyimwa fidia. Lakini hata kizuizi hicho hakifanyi kazi ikiwa ajali imeleta ulemavu mkubwa au kifo.

Mwajiri akilielewa hili, hofu yake kubwa inaisha. Wengi hawaripoti ajali kwa kuwa wanaona kuripoti ni kukiri kosa. Fidia hii haitegemei kosa, kwa hiyo ripoti yako si ungamo. Ni taarifa tu: nani ameumia, wapi, lini, vipi. Anayeificha ajali anaficha jibu la swali ambalo sheria haikumuuliza, na kwa kuficha anatenda kosa ambalo hakuwa nalo.

Kibarua pia ni mfanyakazi

"Huyu si mtu wangu, ni kibarua wa siku." Kauli hii husikika sana, na haina nguvu inayodhaniwa. Mfanyakazi ni yeyote aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba wa kazi, na mkataba huo unaweza kuwa wa mdomo. Mwanagenzi anayejifunza ufundi naye yumo. Hata safari imo: ikiwa mwajiri ametoa gari maalumu la kuwapeleka watu kazini na kuwarudisha, ajali ya njiani inahesabiwa kuwa ya kazini.

Kwa wewe kibarua usiye na barua ya ajira, ushahidi wako umo mfukoni. Usifute jumbe za M-Pesa za malipo ya kila wiki. Weka picha za mahali pa kazi na namba za wenzako mliokuwa zamu moja. Mwajiri akija kusema hakujui, jumbe hizo zitakusemea.

Siku ya ajali

Mwajiri ana wajibu wa kuwa na vifaa vya huduma ya kwanza, kumfikisha majeruhi hospitalini na kulipa gharama za matibabu zilizo za haki, kuanzia dawa na upasuaji hadi kiungo bandia kikihitajika. Kumwambia majeruhi atumie kadi yake ya bima ya afya ya SHA hakuufuti wajibu huo. Weka risiti zote, hata ile ya boda ikiwa umeandikiwa.

Majeruhi naye ana mambo mawili ya kufanya. Kwanza, amjulishe mwajiri. Sheria inakubali taarifa ya mdomo au ya maandishi, na mtu mwingine anaweza kuitoa kwa niaba yake, lakini maandishi hayakanushiki kirahisi. Ujumbe mfupi wa simu unatosha kuanzia: "Leo saa nne asubuhi nimebanwa kidole na jiwe nikipakia lori machimboni. Niko hospitali." Pili, amwambie daktari waziwazi kwamba ameumia kazini na ahakikishe limeandikwa. Wapo wanaoogopa kumponza bosi na kusema walianguka nyumbani. Miezi sita baadaye, maandishi hayo ya hospitali ndiyo yanayoivunja kesi yao.

Siku saba za mwajiri

Tangu alipopata taarifa, au alipojua kwa njia yoyote kwamba mtu wake ameumia, mwajiri ana siku 7 za kumripotia Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ofisi yake iko chini ya wizara ya leba. Fomu inayotumika ni DOSH/WIBA 1. Ina sehemu ya mwajiri, ya maelezo ya ajali na mshahara, na sehemu ya daktari, ya jeraha na kiwango cha ulemavu. Kama hujui ofisa wa usalama kazini wa eneo lako yuko wapi, ofisi ya leba ya kaunti ndiyo mahali pa kuuliza. Fomu ya P3 ni ya polisi. Haichukui nafasi ya hii.

Huna ruhusa ya kuchuja. Mfanyakazi akisema ameumia kazini, ripoti, hata kama wewe unaamini aliumia kwingine. Shaka zako zieleze kwenye ripoti. Uamuzi ni wa Mkurugenzi. Na majeruhi anayedai fidia akiomba nakala ya ripoti uliyopeleka, mpe.

Mtu akifariki, muda unabana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inataka ofisa wa eneo ajulishwe ndani ya saa 24 na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Mahali pa ajali pasiguswe bila idhini ya ofisa, isipokuwa kuokoa maisha au kupunguza mateso ya majeruhi. Kuondoa mashine au kufagia mawe haraka ili kazi iendelee kunaweza kukugharimu kuliko ajali yenyewe.

Ndani ya siku hizohizo, fanya mengine matatu. Andika ajali kwenye rejista ya mahali pa kazi. Chukua maelezo ya walioshuhudia kabla kumbukumbu hazijachanganyika. Na ijulishe kampuni yako ya bima. Sheria inamtaka mwajiri awe na bima ya majeraha ya kazini, na masharti ya bima kwa kawaida hudai taarifa ya mapema. Ukichelewa, bima inaweza kukataa kulipa, na deni linabaki lako.

Hesabu yenyewe

Turudi kwa kijana wa lori. Analipwa 600 kwa siku, na kwa siku 25 anapata 15,000 kwa mwezi.

Asipoweza kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, anastahili malipo yanayolingana na mapato yake kwa muda anaouguza. Akikaa miezi miwili, ni 30,000. Kisha inakuja fidia ya ulemavu wa kudumu. Kwa ulemavu wa asilimia 100, msingi ni mapato ya miezi 96. Ulemavu ulio chini ya hapo hulipwa kwa asilimia yake, kwa kufuata jedwali lililo ndani ya sheria. Tuseme yeye amekadiriwa asilimia 10: 15,000 mara 96 ni 1,440,000, na asilimia 10 yake ni 144,000. Jumla ni 174,000, mbali na bili ya hospitali.

Sasa linganisha na zile 3,000 za pole. Mwajiri mwenye bima aliyeripoti kwa wakati anaikabidhi hesabu hii kwa kampuni ya bima. Asiye na bima anaibeba mwenyewe. Kifo kikitokea, wategemezi ndio wanaodai fidia, na mwajiri anawajibika pia kwa gharama za mazishi.

Karatasi ya "sitadai tena"

Makubaliano yoyote ambayo mfanyakazi anaachilia haki zake chini ya WIBA ni batili. Haijalishi yameandikwa na chifu, yameshuhudiwa na mzee wa mtaa au yametiwa saini mbele ya kamera. Mwajiri, toa pole kwa moyo wa utu, maana majeruhi ana njaa leo, lakini usiitumie kununua kimya. Mfanyakazi, kupokea pole hakukufungi mdomo.

Mwaka mmoja wa mfanyakazi

Dai la fidia linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo. Taarifa ya ajali isipomfikia mwajiri ndani ya miezi hiyo 12, haki inaweza kupotea, isipokuwa ithibitike kwamba mwajiri alijua kwa njia nyingine. Kwa hiyo usimngoje bosi anayesema kila mwisho wa mwezi kwamba "tutaongea". Siku 7 zikipita bila kuona fomu, nenda mwenyewe ofisi ya leba.

Mkurugenzi akishapeleka dai kwa mwajiri au kampuni ya bima, wana siku 90 za kulipa. Pesa zikimfikia Mkurugenzi, yeye ana siku 30 za kumkabidhi mfanyakazi au wategemezi. Kutolipa ni kosa la jinai.

Tahadhari na mabroka

Kuna watu wanaozunguka viwandani na hospitalini wakiahidi kukufungulia kesi na kukupa mamilioni. Kabla ya kuwaamini, jua mahakama zilivyoamua. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilifuta baadhi ya vifungu vya WIBA baada ya Chama cha Mawakili kwenda kortini. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilivirudisha vingi, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala huo. Maana yake kwako ni hii: dai la fidia ya jeraha la kazini linaanzia kwa Mkurugenzi. Ukikimbilia kwa hakimu, kesi itatupwa, na wakati unabishana miezi yako 12 inazidi kuyoyoma.

Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, uwe mwajiri au mfanyakazi, una siku 60 za kumpelekea pingamizi. Yeye ana siku 14 za kukujibu kwa maandishi. Jibu lisipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Masuala ya Leba.

Kufukuzwa kwa kudai

Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika au amefungua madai dhidi ya mwajiri si sababu halali. Sheria ya usalama kazini nayo inamlinda anayelalamika kwamba mahali pa kazi ni pa hatari. Mwajiri mwenye busara hufanya kinyume: humjulia hali majeruhi, huweka tarehe za kliniki, na daktari akiruhusu, humpa kazi nyepesi mpaka mkono urudi.

Kisha hurudi kwenye lori. Kwa nini jiwe liliponyoka? Watu walikuwa na glavu, au walivaa kandambili? Nani aliamua vijana wanne wapakie kwa pupa kabla ya mchana? Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inataka kamati ya usalama na afya, na hayo ndiyo maswali yake. Penye watano, muulizane hukohuko machimboni na kuandika mlichoamua.

Pa kupata msaada

Ofisi ya leba haitozi ada kupokea dai. Wafanyakazi wa machimbo wana chama chao, Kenya Quarry and Mine Workers Union. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuuliza Kituo cha Sheria au huduma ya taifa ya msaada wa kisheria. Haya ni maelezo ya jumla. Kesi yako ina mambo yake, na mwanasheria aliyeona karatasi zako ndiye wa kukushauri mwisho.

Kwa mwajiri aliyesoma mpaka hapa na hajawahi kupata ajali: chapa nakala mbili za fomu ya DOSH/WIBA 1 leo, tafuta namba ya ofisa wa eneo na tarehe ya kuisha kwa bima yako, vyote uviweke kwenye faili moja, kisha mwonyeshe msimamizi wako faili hiyo inakaa wapi.