SOMO LA KIKUNDI: MAJI YA NDIMU YASIYOUMIZA TUMBO



Katika mkutano mmoja hapa Nyamasaria mama mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, kwa nini kila tukipata mgeni tunakimbilia soda dukani, na ndimu zinaoza chini ya mti?" Watu walicheka, lakini swali lake ni la haki. Ndimu tunazo na sukari inapikwa hapa hapa Kano. Kiwanda cha Miwani, cha kwanza nchini Kenya, kilianza 1922. Maji nayo yako kila upande, wakati mwingine hata ndani ya nyumba mto ukifurika. Hayo maji ndiyo yenye shida, kwa hiyo tutaanza nayo kabla ya kugusa ndimu. (Hapa kwetu ndimu na limau zote tunaita ndimu. Nami nitafanya hivyo.)

Visima vyetu vingi ni vifupi, na choo cha jirani hakiko mbali. Mvua ikinyesha, vya chooni na vya kisimani hukutana chini ya ardhi. Maji yanaonekana safi, kumbe sivyo. Wazee wanakumbuka kipindupindu cha 1997 katika Nyanza. Waliochunguza mlipuko ule vijijini walikuta kwamba kunywa maji ya ziwa, na kula pamoja na mtu anayeharisha, ndiko kulikoeneza ugonjwa. Sasa ukichota maji kama hayo, ukatia ndimu na sukari, ukampa mtoto, umempa ugonjwa wenye ladha nzuri.

Kuna watu watakuambia, "Ndimu ni kali, inaua vijidudu." Maneno hayo yana ukweli kidogo, na ukweli kidogo ndio unaodanganya. Wakati wa kipindupindu cha 1996 huko Bissau, Afrika Magharibi, ilionekana kwamba waliotia maji ya ndimu katika mchuzi wa wali waliugua kidogo kuliko wengine. Kijidudu cha kipindupindu hakipendi ukali. Lakini pale ndimu ilitiwa ndani ya chakula. Wewe unatia kikombe kimoja katika vikombe saba vya maji, na ukali unapungua sana. Tena kipindupindu si ugonjwa pekee unaokaa majini. Kwa hiyo tieni ndimu katika mboga na samaki, ni vizuri, lakini isichukue nafasi ya kuchemsha.

Kuchemsha ni hivi: maji yakishatokota kwa nguvu, yaache dakika moja nzima ndipo uyatoe motoni. Kama yana matope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi au yaache yatulie. Yafunike, yapoe yenyewe. Usiyapoze kwa kuongeza maji mengine ya kisimani. Nimeona hayo kwa macho yangu!

Wengine kuni ni shida, wanatumia dawa ya maji ya klorini. Ni sawa. Pima kama chupa ilivyoandikwa, tikisa jerikani, ungoja dakika 30. Lakini sikieni hili vizuri, maana wengi wanakosea hapa: usitie ndimu kabla dakika hizo 30 hazijaisha. Ndani ya ndimu kuna vitamini C, na vitamini C inaiua klorini. Mtu anatia dawa, anasikia harufu haimpendezi, anakamulia ndimu pale pale harufu ipotee. Harufu imepotea kweli, na dawa pia imekwisha kabla ya kufanya kazi. Ngoja kwanza, halafu kamua. Ndimu itaondoa ile ladha ya dawa, na watoto watakunywa bila kunung'unika.

Sasa tutengeneze. Kwa gilasi nane chukua ndimu sita za kadiri, kikombe kimoja cha sukari (kama robo kilo kasoro), na vikombe saba vya maji yaliyo salama. Nawa mikono kwa sabuni. Osha ndimu pia kwa kuzisugua, kwa sababu kisu kikipita juu ya ganda chafu kinaingiza uchafu ndani. Zibingirishe juu ya meza ukizikandamiza kwa kiganja mpaka zilegee, utapata maji mengi zaidi. Zikate katikati, kamua, chuja mbegu kwa kichungi cha chai. Upate kikombe kimoja. Ndimu zetu za kienyeji zenye ganda gumu la mabonde mabonde ni kubwa lakini hazitoi maji sawasawa, basi fuata kikombe, usihesabu ndimu.

Usikamue kwa hasira. Ukifinya mpaka ule weupe wa ganda utoe maji, kinywaji kinakuwa chungu, na sukari hata kilo haitaondoa uchungu ule. Mbegu zilizopondwa pia ni chungu.

Sukari usiimwage katika maji baridi ukakoroga nusu saa. Chukua kikombe kimoja katika yale saba, kiweke kwenye sufuria ndogo pamoja na sukari, pasha mpaka iyeyuke. Ukipenda tangawizi, ponda kipande kidogo utie hapo. Epua ipoe. Ndipo uchanganye yote: maji, sukari iliyoyeyuka, na ndimu mwisho kabisa. Ndimu usiipike, kwa sababu moto unapunguza vitamini C, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Zamani mabaharia waliokaa baharini miezi mingi bila matunda walishikwa na kiseyeye, ufizi ukaoza, wakafa. Vasco da Gama alipofika Malindi Januari 1499 akiwa na wagonjwa wengi, jambo moja aliloomba ni machungwa. Mwaka 1747 daktari Mskoti James Lind aliwajaribu mabaharia 12 kwa dawa mbalimbali, na waliopewa machungwa na ndimu ndio waliopata nafuu upesi. Sisi tunaziacha zioze.

Kuhusu chombo, nitasimulia aibu yangu mwenyewe. Mwaka mmoja kikundi chetu kilikuwa na mchango, nami nikapewa kazi ya kinywaji. Maji nilichemsha, mikono niliosha, kila kitu sawa. Lakini niliweka kinywaji katika ndoo kubwa ya mabati, kikalala humo usiku kucha. Kesho yake watu walikunywa, na haikuchukua muda wakaanza kutapika, mmoja baada ya mwingine. Maneno yakaanza. Mmoja akasema ni sumu, mwingine akataja uchawi, na wanachama wawili hawakurudi kikundini tena. Baadaye afisa wa afya ndiye aliyetueleza. Ile rangi ya fedha juu ya ndoo ni madini ya zinki, na ukali wa ndimu unayala polepole mpaka yanaingia katika kinywaji. Maji matupu hayana neno humo. Ndimu, hapana. Sufuria nazo za alumini usizilaze na ndimu. Tumia jagi la gilasi, la plastiki ya chakula, au la chuma kisichoshika kutu. Jerikani iliyowahi kubeba mafuta ya gari au dawa ya shamba isiguse kinywaji hata ikioshwa mara kumi.

Na chungu chetu cha maji? Hicho kiacheni kwa maji peke yake. Chungu kinapoza kwa sababu maji yanapenya polepole na kukauka nje. Ukitia sukari, inaingia katika vile vitundu, na baada ya siku chache chungu chote kinanuka pombe. Poza maji chunguni, halafu changanya jagini wakati wa kunywa. Barafu ya kuhifadhia samaki isiingie gilasini. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu. Kama huna friji, kinywaji kinywewe siku ile ile.

Kitu kingine kwa wenye watoto: mtoto akiharisha, maji ya ndimu yenye sukari nyingi si dawa yake. Yanaweza kumzidishia. Mpe dawa ya chumvichumvi kutoka kliniki, au kama haipo, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Mpeleke kliniki mapema.

Wako wanaotaka kuuza pale barabarani ya Nairobi, ambako magari hayaishi na jua linawaka. Ni wazo zuri, lakini fanyeni hesabu kwanza. Tuseme, kwa mfano tu, ndimu sita ni shilingi 60, sukari 32, makaa 15, maji 5. Jumla ni 112. Ukigawa kwa gilasi nane, kila moja imekula shilingi 14. Ukiuza 20 unabaki na 6, yaani 48 kwa jagi zima. Ukiuza 15 umebaki na 8 tu kwa jagi, na saa yako nzima haijalipwa. Wengi huhesabu sukari wakasahau makaa, halafu wanashangaa pesa inakwenda wapi. Wekeni bei zenu wenyewe za soko la wiki hii. Mifuko ya plastiki msiitegemee kupakia, ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Muulizeni pia afisa wa afya habari za cheti na leseni kabla ya siku ya kwanza, si baada ya kukamatwa.

Anayetaka mti wake apande mbegu ya ndimu ya kienyeji. Mara nyingi huzaa kama mama yake, ila itachukua miaka kadhaa, na mche uliounganishwa unawahi zaidi. Udongo wetu mweusi unashika maji, na mizizi ya ndimu haipendi kusimama majini. Pandisha tuta kwanza, upande juu yake.

Kwa mkutano ujao kila mmoja aje na majibu ya haya: kisima unachochota kiko hatua ngapi kutoka choo kilicho karibu? Nyumbani kwako vinywaji huwekwa katika chombo gani? Mweka hazina alete bei za ndimu na sukari, na watu wawili wajitolee kuleta maji yaliyochemshwa na jagi. Tutatengeneza pamoja, tuonje, kisha tupige hesabu ya gilasi moja.