Mpe Mtoto Neno la Kusemea

Mtoto wa miaka 3 anapomfinya mdogo wake mchanga, wengi wetu huona utundu, na dawa ya utundu ni kofi. Hapa Matwebe jambo hilo huja saa mbaya: jioni, mama katoka kuchuma chai, ndizi hazijamenywa, na mvua imewafungia watu wote jikoni. Kofi litamwonyesha mtoto kwamba amekosea, ila halitamwambia kilichompata. Kilichompata ni wivu, na kwa kuwa hajui kuusema, ameutoa kwa vidole. Kijitabu hiki kinadai kwamba kumfundisha mtoto kutaja hisia zake ni kazi ya afya, sawa na kumpeleka kliniki kupimwa uzito.

Mama anaweza kuushika ule mkono na kusema, kwa Kinyakyusa au Kiswahili, lugha yoyote ambayo mtoto anaielewa: “Umekasirika kwa sababu nimembeba mdogo wako. Kumfinya hapana, anaumia. Njoo ukae hapa ubavuni kwangu.” Maneno hayo hayazidi dakika moja, na anaweza kuyasema huku anamenya ndizi. Kosa limekatazwa, hisia imetajwa. Mtafiti Judy Dunn na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba watoto walioongea zaidi na familia zao kuhusu hisia wakiwa na miaka 3 walikuwa wepesi zaidi kutambua hisia za wengine walipofika miaka 6. Huenda familia hizo zilitofautiana na nyingine kwa mambo mengi. Hata hivyo, mazungumzo ni jambo ambalo kila nyumba inalimudu.

Wapo watakaosema mtoto anayelelewa hivi atadeka. Anayedeka ni yule anayepata kila anacholilia, na katika mfano wetu mtoto hakuruhusiwa kufinya. Wengine, hasa wakiwa na wavulana, husema “jikaze, wewe mwanaume.” Anayeambiwa hivyo kila siku hujifunza kuficha hofu tu, maana yenyewe haijaondoka. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mambo haya ni ya kigeni. Lakini mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba waliuthamini mno ushirika wa wenzi na mazungumzo, hata wavulana wa miaka kama 10 walihama kwa wazazi na kujenga kijiji chao cha rika. Ni kweli, mazungumzo yale yalikuwa ya rika kwa rika. Mtoto mbele ya baba alitakiwa kuwa na heshima. Lakini heshima haivunjwi na mtoto anayeulizwa na mkubwa wake, naye akajibu kwa adabu.

Ukimya una gharama. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na karibu nusu ya hao hawakumwambia mtu yeyote. Kosa ni la mtenda, wala maneno peke yake si kinga. Ila mtoto aliyezoea kusikilizwa anaposema “naogopa mbwa” ameshajua wa kumwendea siku atakapomwogopa mtu. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayaweka malezi yenye mwitikio, yaani kumsikiliza mtoto na kumjibu, pamoja na lishe na afya.

Si kila kilio ni hisia, lakini. Mtoto mwenye homa, anayekataa kunyonya au kula, au aliyelegea ghafla, apelekwe zahanati kwanza, maswali baadaye. Na yule aliyekuwa mchangamfu akanyamaza kwa wiki kadhaa, akaanza tena kukojoa kitandani au kumkwepa mtu fulani, aulizwe taratibu, mkiwa wawili tu. Akitaja ukatili, mwambie umemwamini, usimhoji tena na tena, kisha mwone afisa ustawi wa jamii au piga 116, simu ya mtoto, ambayo haina malipo.