Mama mwenye mikono mingi

SWALI: Majirani zangu hapa Gahanga ni Wahindu wenye asili ya Gujarat. Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, hucheza usiku wakizunguka chungu chenye taa, wakisema wanamwabudu Mama. Ni nani huyo, na mbona picha yake ina mikono mingi?

JIBU: Ndugu msomaji, huyo ni Durga, na sherehe ni Navaratri, ya usiku tisa. Masimulizi yao husema jini Mahishasura, mwenye umbo la nyati, alijaliwa kutouawa na mwanamume yeyote. Miungu wakaunganisha nguvu zao, akatokea Durga. Kila mmoja akampa silaha yake: Shiva mkuki wa ncha tatu, Vishnu kisahani chenye makali. Ndiyo maana ana mikono mingi: nguvu za wote zimo ndani yake. Simba anayempanda ni ishara ya ujasiri.

Chungu ni tumbo la mama. Taa ni uhai uliomo. Ngoma wanayocheza, garba, iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2023. Siku ya kumi huadhimisha ushindi wa Durga dhidi ya Mahishasura. Wapelekee majirani zako salamu za heri. Ni ujirani mwema.