Somo la Ufundi: Kutayarisha Kuta za Bafu Kabla ya Kubandika Vigae

Wakazi wa Wilaya za Bukoba na Muleba, pamoja na watumishi wa Serikali wanaojenga au kukarabati nyumba zao, wanakumbushwa kwamba uimara wa vigae vya bafu hutegemea ukuta ulio nyuma yake. Kigae kilichobandikwa juu ya ukuta usiotayarishwa hubanduka mapema, na gharama yote hupotea.

Jambo hili lina uzito katika Mkoa wa Kagera kwa sababu mbili. Kwanza, mvua ni nyingi. Mjini Bukoba hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo kuta hukauka polepole. Pili, tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu, likaangusha nyumba nyingi na kuziachia nyingine nyufa. Ufa ukifunikwa kwa vigae, mwenye nyumba hawezi tena kuona kama unaongezeka.

Anayeanza kazi hii anashauriwa kufuata hatua zifuatazo:

1. Kukagua nyufa. Kibandiko chembamba cha saruji kiwekwe juu ya ufa, kiandikwe tarehe na kuangaliwa kwa miezi michache. Kikipasuka, ukuta ungali unacheza. Hapo kazi isimame na ushauri wa mhandisi wa Halmashauri utafutwe. Vivyo hivyo kwa ufa uliokata matofali yenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

2. Kusafisha. Chokaa, rangi, ukungu na vumbi vikwanguliwe kwa brashi ya waya. Lipu ya zamani igongwe taratibu kwa mpini wa nyundo. Panapotoa mlio wa uwazi pabomolewe hadi kwenye tofali.

3. Kujaribu mabomba. Mabomba yanayopita ukutani yafunguliwe maji na kuachwa usiku kucha. Uvujaji ukigunduliwa baada ya vigae kubandikwa, hapana budi kuvivunja.

4. Kupiga lipu. Ukuta wa matofali ya kuchoma ulowanishwe kwanza, kwani tofali kavu hunywa maji ya lipu na kuidhoofisha. Mchanga utiwe katika chupa ya maji na kutikiswa. Ukituama na kuacha tabaka nene la tope juu yake, uoshwe au ubadilishwe. Ndoo 1 ya saruji ichanganywe na ndoo 4 za mchanga, na unene wa lipu uwe kati ya sentimita 1 na 1.5. Wima upimwe kwa timazi. Ubao ulionyooka wa mita 2 ukiegemezwa ukutani, mwanya usizidi milimita 3. Uso usilainishwe, uachwe na mikwaruzo ili gundi ya vigae ishike. Lipu ya jasi isitumike mahali panaporushiwa maji.

5. Kumwagilia na kukausha. Lipu inyunyiziwe maji kwa siku 7, kisha iachwe ikauke kwa wiki 2 hadi 3. Wakati wa masika muda huo uongezwe.

6. Kuzuia maji. Saruji na lipu hupitisha unyevu, na vilevile viungo kati ya vigae. Kwa hiyo sehemu ya kuogea ipakwe dawa ya kuzuia maji mara 2, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza. Kona na mahali mabomba yanapotokea pasisahauliwe.

Wakazi wa visiwa vya Wilaya ya Muleba, kama vile Bumbire na Goziba, ambao husafirisha saruji kwa mitumbwi, wanashauriwa kuifunika vizuri na kuihifadhi juu ya mbao. Saruji iliyoganda mabonge isitumike kwa kazi hii.

Mwenye haraka ya kuona vigae ukutani azingatie kwamba wiki chache za kusubiri zina gharama ndogo kuliko kununua vigae mara ya pili.