Somo la Mwezi: Je, Mtu Huzaliwa Hivyo au Hujifunza?

Someni kwanza: Yohana 9:1-3



Mtu anayevutwa kimapenzi na watu wa jinsia yake, je, amezaliwa hivyo au amejifunza? Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, na mara nyingi anayeuliza ni mzazi mwenye uchungu. Tulitazame kwa utulivu.

Mwanzoni mwa 2014 Rais Museveni wa Uganda, kabla ya kutia sahihi mswada wa kuwaadhibu watu hao, aliwauliza wanasayansi swali hilohilo. Kamati ya Wizara ya Afya ilijibu kwamba hakuna kinasaba kimoja, yaani chembe moja ya urithi, kilichoonekana kuwa ndicho chanzo. Ilisema pia kwamba hali hii si ugonjwa. Rais alishika lile la kwanza, akasema basi ni jambo la kujifunza, akatia sahihi tarehe 24 Februari 2014. Mahakama ya Katiba iliitengua sheria hiyo mwezi Agosti, kwa kuwa akidi ya Bunge haikutimia. Nyingine ilitiwa sahihi mwaka 2023.

Je, hoja ile ilikuwa sawa? Fikirini urefu wa mtu. Hauna kinasaba kimoja. Hutokana na vingi, pamoja na lishe. Hata hivyo hakuna aliyeuchagua urefu wake. Mwaka 2019 utafiti wa watu karibu nusu milioni, wengi wao wa Uingereza na Marekani, ulionyesha jambo linalofanana na hilo: vinasaba vingi vinachangia, kila kimoja kidogo sana, na mambo mengine pia yamo. Hakuna awezaye kupima damu ya mtoto akatabiri.

Wengine nao husema, "Kama ni la kuzaliwa, basi ni jema." Hilo nalo halifuati. Chanzo cha jambo hakituambii kama ni jema au baya.

Maaskofu wetu waliokutana Lambeth mwaka 1998 hawakungoja jibu la wanasayansi. Walisema matendo hayo hayapatani na Maandiko. Katika azimio hilohilo walisema kwamba waliobatizwa na kuamini, hata wakiwa na mvuto huo, ni viungo kamili vya mwili wa Kristo, na wakawataka watu wao walaani woga usio na sababu.

Wanafunzi walipomwona kipofu, walitafuta wa kulaumiwa: yeye au wazazi wake? Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni sawa; tunajifunza namna ya kuuliza. Bwana hakuwapa mtu wa kulaumiwa. Basi mama asijitese akisema, "Nilimlea vibaya," wala baba asimfukuze mwanawe usiku.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini twapenda kutafuta wa kulaumiwa?
2. Mzazi akituletea habari hii, tutamjibu nini?
3. Je, kijana huyo angeketi kwa amani kati yetu Jumapili?