MSIKITI WA KURTUBA: KUJENGWA KWAKE NA YALIYOUPATA

Sifa zote njema zamthubutikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: somo hili lahusu msikiti mkuu wa Kurtuba, katika nchi ya Andalus, ambayo leo huitwa Hispania.

Asili yake

Walipopinduliwa Banu Umayya katika Sham, mwaka wa 132 Hijriya (750), kijana mmoja wa ukoo wao, Abdur-Rahman bin Muawiya, aliokoka na upanga wa Banu Abbas. Akakimbilia Maghribi, kisha akavuka bahari, akautwaa mji wa Kurtuba mwaka wa 138 (756). Kwa sababu hiyo huitwa Ad-Dakhil, yaani Mwenye Kuingia. Mwaka wa 169 (785) akaanza kuujenga msikiti. Imepokewa kwamba mahali pale palikuwa na kanisa, naye akawalipa Wakristo thamani yake.

Ufundi wake

Nguzo nyingi zilitolewa katika majengo ya kale ya Warumi na Wagothi, nazo zilikuwa fupi mno kwa jumba kubwa kama lile. Basi mafundi wakasimamisha juu ya kila nguzo nguzo nyingine ya mraba, wakaziunga kwa matao mawili, moja juu ya moja. Tao la chini, lililo mfano wa kiatu cha farasi, lazishika nguzo zisiyumbe. Na la juu lachukua dari. Matao hayo yakajengwa kwa mawe meupe na matofali mekundu, moja baada ya jingine. Hivyo upungufu wa nguzo ukawa ndio sababu ya uzuri ambao haukuwa na mfano wake.

Abdur-Rahman wa Pili aliuongeza msikiti upande wa kusini. Kisha Al-Hakam wa Pili, tangu mwaka wa 351 (962), akauongeza tena, akajenga mihrabu iliyopo hata leo: chumba kidogo, kuba lake limechongwa mfano wa kombe la pwani. Mfalme wa Rumi aliyekuwa Konstantiniya alimpelekea fundi pamoja na vijiwe vya kioo vyenye dhahabu, vikapambiwa mbele ya mihrabu.

Mas-ala ya kibla

Msikiti huu waelekea kusini zaidi, hali Makka kwa mtu wa Kurtuba iko upande wa mashariki. Imepokewa kwamba Al-Hakam alipoongeza jengo, wenye elimu ya nyota walitaka kibla kirekebishwe. Watu wakachukia kuiacha njia waliyoswalia wazee wao, naye akaiacha kama ilivyokuwa. Watu wa Andalus walikuwa wafuasi wa Imamu Malik, na kwao aliye mbali yamtosha kuuelekea upande wa Kaaba. Ama katika madhehebu ya Imamu Shafi, ni wajibu kuielekea Kaaba yenyewe: kwa yakini aliye karibu, na kwa dhana yenye nguvu aliye mbali.

Nyongeza ya mwisho

Mwaka wa 377 (987), waziri Al-Mansur aliongeza safu nane upande wa mashariki, kwa kuwa kusini mna mto na magharibi mna kasri. Ndiyo maana mihrabu leo haiko katikati. Alizinunua nyumba zilizokuwa hapo. Imesimuliwa kwamba bibi mmoja mzee alikataa kuuza yake ila apewe nyumba nyingine yenye mtende. Al-Mansur akaamuru itafutwe na inunuliwe, ijapokuwa kwa mali nyingi.

Kuanguka

Baada ya Al-Mansur kufa, fitina ikawaka mwaka wa 399 (1009). Hata mwaka wa 422 (1031) ukhalifa ukakoma, na kila amiri akawa na mji wake, akimpiga nduguye na kumwomba Nasara msaada. Mwaka wa 633 (1236) Ferdinand wa Tatu, mfalme wa Castile, akaingia Kurtuba, na msikiti ukafanywa kanisa. Mwaka wa 1523 askofu alitaka kuzivunja nguzo za katikati ajenge kanisa refu humo ndani. Wakuu wa mji, nao ni Wakristo, wakatangaza adhabu ya kifo kwa fundi atakayeitia mkono kazi hiyo. Lakini mfalme Charles wa Tano akamruhusu askofu. Nguzo 856 zimebaki. Mnara umezungukwa na mnara wa kengele. Leo wageni huingia kutazama, bali Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo.

Faida

Ajiulize mwenye akili: msikiti huu ulipotea kwa nini? Si kwa ubovu wa matao, maana yangali yamesimama. Walioswali chini yake ndio waliotengana. Aya ya 18 ya sura ya At-Tawba yabainisha kwamba wanaoiamirisha misikiti ya Mwenyezi Mungu ni wenye kumwamini na kusimamisha sala. Haikutaja dhahabu wala nguzo. Basi watu wa mtaa wanaogombana juu ya uimamu au mali ya wakfu, na waikumbuke Kurtuba kabla hawajauita msikiti wao imara kwa sababu ya chokaa yake.

Wallahu aalamu.