Mwizi Ajapo Usiku, Mwenye Nyumba Afanye Nini?

Katika somo la juma hili twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifikiri siku moja tu, na siku hiyo huwa nafasi ya kufikiri imekwisha kupita.

Tuseme ni saa nane za usiku. Mvua inanyesha juu ya bati. Mbwa amebweka, kisha amenyamaza ghafula. Baba wa nyumba anaamka, anasikia mlango wa nyuma unasukumwa. Mama ameketi kitandani, hasemi neno. Watoto wamelala katika chumba cha pili, na panga li chini ya kitanda. Je, baba huyo afanye nini? Atoke na panga? Anyamaze? Apige yowe? Ampe mwizi anachotaka?

Tumeiweka nyumba hiyo Tarakea, katika Wilaya ya Rombo, upande wa Kilimanjaro unaoelekea mpaka wa Kenya na mji wa Loitokitok. Huko shida hii huonekana wazi. Kwa desturi ya Wachagga nyumba hazikusongamana. Kila moja imo ndani ya kihamba chake, imezungukwa na migomba. Jirani yupo, lakini usiku humwoni, na pengine korongo lawatenga. Tena vijana wengi wa Rombo hufanya kazi na biashara mijini, wakarudi nyumbani mwezi wa Desemba kwa sikukuu ya Noeli. Miezi mingine, nyumba nyingi hubaki mikononi mwa babu na bibi pamoja na wajukuu. Lakini msomaji wa Songea, wa Bukoba au wa Tabora asidhani kwamba somo hili si lake. Kila nyumba ina mlango, na kila mlango waweza kusukumwa.

Amri ya Saba na Amri ya Tano

Mwizi avunjaye nyumba anavunja Amri ya Saba ya Mungu. Hilo kila mtoto wa mafundisho alijua. Lakini tusisahau kwamba usiku uo huo mwenye nyumba naye aweza kuivunja Amri ya Tano. Basi katika chumba kile chenye giza zipo hatari mbili: hatari ya kutendewa uovu, na hatari ya kutenda uovu.

Labda mtu atauliza, “Je, Mkristo akunje mikono yake, amwache mwizi awadhuru watoto?” Hasha! Kanisa halikufundisha hivyo kamwe. Katekisimu yasema wazi kwamba kuulinda uhai wako ni haki, na kwa yule aliyekabidhiwa uhai wa wengine, kuwalinda si haki tu, bali ni wajibu mzito. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza kipimo cha jambo hilo. Mtu anayejikinga akusudie kuuokoa uhai wake, asikusudie kuua. Na atumie nguvu zinazotosha kwa kujikinga. Akizidisha nguvu kuliko inavyohitajiwa, tendo lake lageuka kuwa kosa.

Twaona basi kwamba neno la kwanza ni uhai. Wazee wa Uchagga walilijua hilo. Katika vita vya zamani walichimba mahandaki marefu chini ya ardhi, na adui alipokuja waliwaingiza humo wake zao, watoto wao na mifugo. Rombo yenyewe yakumbuka kuta za mawe za Mangi Horombo kule Keni. Watu hao hawakuwa waoga. Lakini waliweka kwanza uhai mahali pa salama, ndipo wakafikiri mengine. Nao walichimba mahandaki hayo kabla ya vita, hawakungoja mpaka adui awe mlangoni.

Usiku na mchana

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, twasoma sheria ya kale mintarafu mwizi anayekutwa akivunja nyumba. Akipigwa usiku akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, aliyempiga ana hatia. Kwa nini sheria itofautishe hivyo, na mwizi ni yule yule? Ni kwa sababu usiku mwenye nyumba hajui. Hajui aliyekuja ni nani, wala kama amekuja kuiba au kuua. Wala hakuna wa kumsaidia. Mchana anaona, anatambua, aweza kuita watu. Kadiri mtu anavyojua zaidi, ndivyo anavyodaiwa zaidi.

Kutokana na sheria hiyo twapata fundisho letu: mwenye nyumba afanye kila awezalo kuuingiza mchana ndani ya usiku. Aite kwa sauti, “Nani wewe?” Awashe taa ya nje. Amulike kwa kurunzi kabla ya kuinua mkono. Anayesukuma mlango aweza kuwa mwizi, lakini aweza pia kuwa kijana wa nyumba aliyechelewa na akaona haya kubisha, au jirani aliyekunywa mbege kupita kiasi akapotea njia, au mgonjwa wa akili asiyejua aendako.

Dunia yakumbuka kisa cha Oscar Pistorius, mkimbiaji mashuhuri wa Afrika Kusini. Usiku wa tarehe 14 Februari, 2013, mjini Pretoria, alipiga risasi nne kupitia mlango uliofungwa wa choo cha nyumbani mwake. Aliyekuwa ndani alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp, naye akafa. Pistorius alisema alidhani ni mvamizi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Rufani ilimtia hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Majaji walisema kwamba, yeyote aliyekuwa nyuma ya mlango ule, mpigaji alijua risasi zake zaweza kumwua. Hatia haikungoja jina la aliyekufa.

Huko Uingereza, mwezi wa Agosti 1999, mkulima Tony Martin aliwafyatulia risasi wezi waliovunja nyumba yake usiku. Kijana wa miaka 16 alipigwa mgongoni, akafa. Watu wengi walimhurumia mkulima, kwa kuwa aliishi peke yake na aliogopa wezi. Hata hivyo alihukumiwa kwa kuua kwa kukusudia, na mwaka 2001 kosa lilipunguzwa kwa sababu ya hali ya akili yake. Alitoka gerezani mwaka 2003. Ni vigumu mtu kueleza kwamba alikuwa akijikinga na mgongo.

Sheria ya nchi yetu

Sheria ya Tanzania haiko mbali na mafundisho hayo. Kanuni ya Adhabu yamruhusu mtu kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali. Lakini yamruhusu nguvu za kiasi tu, zile zinazohitajiwa kwa ulinzi huo. Na akizidisha, atajibu kwa madhara aliyoyatenda. Kwa upande wa mwizi sheria ni kali. Avunjaye nyumba ya watu mchana aweza kufungwa miaka 14; avunjaye usiku, miaka 20. Aibaye kwa kutumia silaha hufungwa miaka isiyopungua 30.

Tuangalie sana hesabu hiyo. Sheria, pamoja na ukali wake wote, haimpi mvunja nyumba adhabu ya kufa. Basi kundi la watu lenye mawe na magogo, alfajiri, chini ya migomba, limepata wapi ruhusa ya kutoa adhabu ambayo hakimu mwenyewe hana ruhusa ya kuitoa?

Mambo ya kuamuliwa mchana

Hofu ni mshauri mbaya. Mtu aliyeamshwa na kishindo hachagui vema. Hufanya lile lililokwisha kuwekwa moyoni mwake. Kwa hiyo wazazi wakae jioni moja, baada ya sala, wakubaliane mambo haya:

La kwanza, kuwe na chumba kimoja chenye mlango imara na komeo la ndani. Watoto wote wajue kwamba wakiitwa usiku watakimbilia humo, wasitoke mpaka waambiwe.

La pili, kuwe na sauti inayojulikana na majirani: filimbi, debe au yowe. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo hukutana nyumba kwa nyumba kusali, zaweza kukubaliana jambo hili kwa urahisi. Wanaosali pamoja waitikiane pia usiku.

La tatu, simu iwe na chaji na iwe karibu na kitanda, na ndani yake ziwemo namba za majirani wawili, ya mwenyekiti wa kitongoji na ya kituo cha polisi. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

La nne, yeyote wa nyumba anayerudi usiku aite jina lake tangu uani, wala asiingie kwa kunyata. Jambo hili ni dogo, lakini laweza kumwokoa mtoto asiuawe na baba yake.

La tano, fedha za mahindi, maharage au ng'ombe zikisha kupokewa zisilale nyumbani. Wala kiasi chake kisitajwe sokoni wala kilabuni.

Saa ikifika

Sasa turudi kwa baba yule wa Tarakea. Mlango unasukumwa bado. Asiufungue, wala asitoke gizani na panga. Huko nje hajui wako wangapi. Awakusanye watoto na mama katika kile chumba, na kuwahesabu. Apige yowe, apige simu, awashe taa ya nje, aulize kwa sauti kuu ni nani. Wezi wengi huja kwa sababu wanadhani watu wamelala. Wakijua wameamka, aghalabu hukimbia. Nao wakikimbia, awaachie njia. Mwizi aliyezibiwa njia ya kutokea hupigana kama mnyama aliyenaswa.

Kama mwizi amekwisha kuingia, naye ana silaha na anataka fedha, apewe fedha. Kutoa mali ili kuokoa uhai si woga, ni hesabu njema. Shamba lililolipa mwaka huu laweza kulipa tena mwaka ujao. Lakini mama wa watoto hapandwi shambani.

Kama mwizi hataki mali bali anauelekea mwili, anainua panga juu ya mtoto au anamkamata mama au binti, hapo baba na ajikinge na kuwakinga wake kwa nguvu alizo nazo, kwa kitu chochote kilicho karibu, bila wasiwasi wa dhamiri. Na mara hatari ikiisha, mkono ushuke. Mwizi akianguka, akatupa silaha au akageuza mgongo, haki ya kujikinga imekoma. Asimfuate gizani migombani. Afunge mlango, awahesabu watu wake tena, angoje majirani na polisi, wala asivuruge alama na nyayo zilizoachwa.

Neno la mwenye nyumba

Limebaki neno moja, nalo ni zito kuliko yote. Yowe limeitikiwa. Majirani wamekuja na kurunzi na fimbo, na mwizi amekamatwa karibu na mfereji. Watu wanapumua kwa hasira, na kila mmoja akumbuka mbuzi wake aliyeibiwa mwaka jana. Saa hiyo wote humtazama mtu mmoja tu, yaani yule aliyeibiwa. Akinyamaza, ukimya wake utahesabiwa kuwa ruhusa. Akisema, “Mfungeni kamba, asipigwe, tumpeleke polisi,” wengi watamsikia, kwa sababu yeye ndiye mwenye uchungu.

Sheria yamruhusu raia kumkamata mwizi aliyekutwa akiiba, lakini yamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Wale wanaomwua mtu aliyekwisha kukamatwa hawajilindi tena; ni wauaji, hata wakiwa mia moja. Aliyepiga yowe aliita msaada, hakuita mauti. Basi asiache yowe lake ligeuzwe maana. Tena katika vihamba vyetu, ambamo koo zimeoana tangu zamani, asubuhi ikifika huenda mwizi yule akatambuliwa kuwa ni mtoto wa mtu tunayekaa naye benchi moja kanisani. Tutamtazamaje mzazi huyo usoni?

Wachagga wanao mmea uitwao sale. Hupandwa mpakani mwa kihamba, kumwonyesha mpita njia kwamba hapa ni kwa mtu. Na ni sale hilo hilo ambalo mkosaji hulichukua mkononi aendapo kuomba msamaha. Wazee walifanya mmea mmoja uwe alama ya mambo hayo mawili, nasi twaweza kuyashika yote mawili: kuulinda mpaka wetu kwa uthabiti, na kuacha njia ambayo kwayo mkosaji aweza kurudi akiwa hai.

Wazazi wapendwa, msingoje mbwa abweke. Ongeeni na watoto wenu jioni ya leo, jaribuni komeo la mlango, na kesho mwulizeni jirani kama anaisikia filimbi yenu. Tahadhari kabla ya hatari.